Pacha wa Bibi Alivyotajwa Melini

Uingereza, mjini bandarini
Jumapili, baada ya misa

Mama, shikamoo. Pokea na shikamoo za miezi yote ambayo sikuandika, maana najua zote unanidai.

Mguu wako unaendeleaje? Byabato aliniandikia kwamba umeanza tena kupanda kile kilima kwenda kanisani, na kwamba ukiambiwa upumzike unawauliza ni nani kati yao anayeumwa. Hapo nilicheka peke yangu chumbani, nikajua u mzima. Mvua zimeshuka? Maharage yameota? Na ile mibuni ya nyuma ya nyumba, iliyokuwa imeliwa na wadudu, imepona au mmeikata? Senene wakianguka, nikaangieni wangu, kisha muwale ninyi wenyewe, mradi mnitaje jina wakati wa kula.

Mimi sijambo. Baridi imeanza kurudi na kifua kinanikumbusha kwamba kipo, lakini ninafanya kazi, ninakula, na ninalala pakavu. Namwomba mdogo wangu Byabato, ambaye ndiye atakayekusomea, asome polepole na asiruke mahali. Pale Kiswahili changu kitakapokuwa kigumu akugeuzie kwa Kinyambo, na watoto watoke nje kwanza, kwa sababu habari hii ni ya Bibi, mama yako, na nataka uisikie vizuri.

Mama, katika barua yako uliniuliza kwa ukali kidogo hii kazi ya kucheza meli ni kazi gani. Ulisema ile picha niliyowatumia imezunguka Nyaishozi yote, na watu wanasema Kamugisha amekwenda Ulaya kuwa mchekeshaji, anatembea miguu mitupu, suruali pana kama gunia, na kofia ya majani iliyopakwa lami. Picha haikudanganya, nguo ndizo hizo. Ngoja nikueleze.

Hapa mjini kuna nyumba kubwa ya makumbusho ya wanamaji wao, yaani mahali wanapotunza vitu vya zamani ili watu waje kuvitazama. Nje yake, kwenye gati, imefungwa meli ya kivita ya matanga, ya mbao, ambayo haiendi tena popote. Lakini Waingereza hawa hawaridhiki na kutazama tu. Jumamosi na Jumapili za majira ya joto sisi wafanyakazi tunavaa kama mabaharia wa kale na kufanya kazi zao zote mbele ya wageni. Mmoja anapanda mlingoti. Mwingine anapika nyama ya chumvi. Yupo anayejifanya mganga, anakata kwa msumeno mguu wa mti uliopakwa rangi nyekundu, na wako wanawake waliokwisha kuzirai kwa ajili ya mguu huo. Mizinga inajazwa baruti bila risasi, inalia hadi madirisha ya maduka yanatetemeka. Wanasema mtoto akiiona kazi kwa macho yake hataisahau kama anavyosahau kitabu.

Unajua kwamba baada ya vita nilikuwa mtia makaa katika meli za mizigo. Kifua kilipokataa, daktari akanikataza moto, nikabaki hapa mjini bila kazi mpaka nilipoajiriwa makumbusho kukwangua kutu na kupaka lami. Baadaye mmoja wa wavuta kamba wa mzinga aliacha kazi. Mkuu wetu, Bwana Pearce, akaniita nishike nafasi yake. Huyu ni mzee mwembamba aliyekuwa afisa wa wanamaji katika vita hivi vya juzi, na mkono wake wa kushoto haunyanyuki sawasawa. Ndiye anayetunga maonyesho na kutufundisha. Aliniambia kwamba katika meli za zamani walikuwamo mabaharia weusi wengi, kwa hiyo nisimame pale bila wasiwasi. Nikasimama. Niliipenda kazi ile, Mama. Watu sita tunavuta kamba kwa sauti moja, mzinga unasogea kama ng'ombe mkaidi, na ukishalia wote tunacheka masikio yakiwa yameziba.

Basi mwanzoni mwa msimu huu Bwana Pearce alitukusanya sitahani akasema ametunga onyesho jipya. Kuna wakati, akasema, meli za Waingereza zilitumwa upande wa Unguja kuwakamata wafanyabiashara wa watumwa na kuwafungua watu waliofungwa. Wageni hawaijui habari hiyo, na yeye anataka waione. Kisha akatuita mbele watu wawili: mimi na mpishi wetu, Clement.

Clement ni mtu wa Jamaika, mzee kuliko mimi, mwenye mvi na sauti ya chini. Wazee wake walichukuliwa Afrika zamani sana, na yeye hajui walitoka upande gani. Ndiye aliyenipa blanketi langu la kwanza nilipofika hapa.

Bwana Pearce akaeleza. Sisi wawili tutatolewa chini ya sitaha tumefungwa mnyororo. Nahodha atasoma tangazo la uhuru, fundi atavunja pingu, nasi tutapiga magoti mbele ya nahodha kushukuru. Watu watapiga makofi. Akafungua sanduku akatoa mnyororo wenyewe. Haukuwa wa kuigiza, Mama. Ulitoka katika vitu vya makumbusho, na ile duara ya shingoni ilikuwa imelainika kwa ndani kama mpini wa jembe la siku nyingi.

Niliushika, nikaurudisha sandukuni.

Nikamwambia, "Bwana, mzinga nitauvuta mpaka nizeeke. Huu sivai."

Hakukasirika. Alishangaa. Akasema hili ni jambo la heshima, kwamba linaonyesha wema uliotendeka. Nikamjibu kwamba wema huo siupingi, ila mimi sitapiga magoti kila Jumamosi ili watu wale aiskrimu wakinitazama. Akafunga sanduku, akasema kwa sauti ya kazi kwamba asiyeshiriki onyesho jipya hawezi kubaki katika kundi la mzinga, kwa kuwa kundi ni moja. Basi nikarudishiwa ufagio na brashi ya lami.

Clement yeye alikubali. Nilimfuata jikoni kwake nikamsema vibaya. Nilimwambia amewauzia mgongo wake. Alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya mpaka nilipomaliza.

"Wewe una kwenu," akasema. "Una mama, una kijiji, una jina la ukoo, ndiyo maana unaweza kukataa. Mimi sina hata jina moja la mtu wangu aliyevuka bahari. Nikisimama pale, angalau mmoja wao amesimama."

Hasira yangu haikuisha. Kwa wiki nyingi tulipishana bila kusalimiana, nami nikawa mtu wa kufagia karatasi za pipi nyuma ya wageni huku wenzangu wakivuta kamba yangu.

Siku moja nilikuwa nafagia karibu na ngazi wakati onyesho lile likiendelea. Clement alitolewa chini pamoja na kijana wa ghalani, Mwingereza, aliyepakwa masizi usoni ili kujaza nafasi yangu. Masizi yalikuwa yanachuruzika kwa jasho. Nahodha akasoma, pingu zikavunjwa, wakapiga magoti, watu wakapiga makofi. Mbele yangu alisimama bibi mmoja wa Kizungu pamoja na mumewe. Bibi yule akamwuliza mumewe, "Walikuwa wakiitwa nani watu hawa?" Mume akatazama karatasi ya maelezo waliyopewa mlangoni, akageuza nyuma, akasema, "Haikuandikwa. Ni watumwa tu."

Mama, nilisimama pale na ufagio wangu nikamsikia Bibi kama vile yuko jikoni kwake, moshi ukimtoa machozi. Unakumbuka hakupenda kuitwa Nyangoma. Alitaka tumwite kwa majina ya watoto wake, kwa sababu kila aliyelisikia jina la Nyangoma alijua ni pacha, akamwuliza mwenzake, Nyakato, yuko wapi. Unakumbuka alivyotusimulia, mimi na Byabato tukiwa wadogo. Yeye na Nyakato walitumwa kuni upande wa Kafuro, enzi wafanyabiashara wa pembe na watu walipokuwa wamejenga pale. Bibi alirudi nyuma kuchukua kamba yake aliyoisahau. Alipofika tena, akakuta mzigo wa kuni wa mwenzake umewekwa vizuri chini, umefungwa tayari, na mwenyewe hayupo. Bibi akaubeba nyumbani akidhani mwenzake ametangulia, na mama yao akapika kwa kuni zile siku ile ile, maana hakujua bado. Bibi alikuwa akifika hapo anaacha kusimulia, anaanza kuchochea moto.

Nilijiuliza kama Nyakato alifika pwani. Labda alifia njiani, labda Tabora, labda alikuwa mmoja wa waliofunguliwa na meli kama hii, akaishi akazaa. Hatujui. Lakini nilijua alivyoitwa, na wale watu wawili mbele yangu walikuwa wameulizana swali ambalo mimi nilikuwa na jibu lake moja.

Nikaweka ufagio nikaenda kwa Bwana Pearce. Nikamwambia nitaingia katika onyesho, hata mnyororo nitauvaa. Ila sitapiga magoti, na pingu zikivunjwa nitasema. Nitasema kwa lugha ya kwetu, kisha kwa Kiingereza, jina la mtu mmoja aliyechukuliwa na mahali alipochukuliwa.

Alikataa. Alisema jina hilo halimo katika maandishi ya meli. Alisema pia mimi ni mwanamume, nitakuwaje msichana? Nikamwambia sitajifanya Nyakato, nitakuwa mtu aliyetembea naye njiani akamwahidi kumtaja. Akasema bodi ya makumbusho haitakubali, na kwamba wageni wanakuja kupumzika. Tulikuwa tunazungumza katika chumba chake kidogo cha mavazi, mlango wazi. Clement alikuwa amesimama nje, sikumwona. Aliingia, mnyororo ukiwa mkononi, akauweka juu ya meza katikati yetu.

"Akisema, nitavaa," akasema. "Asiposema, na mimi nimemaliza."

Bwana Pearce alitazama mnyororo. Nadhani alikuwa anawaza juu ya yule kijana wa masizi. Mwisho akasema, "Mara moja. Jumamosi. Nikiona mambo yameharibika, nitapiga filimbi na mzinga utalia."

Siku hizo za kungoja nilizitumia vibaya, nikijisemea maneno barabarani mpaka watu wakanikwepa. Clement alinifundisha kutoa sauti kutoka tumboni. Tulikuwa tumeanza tena kusalimiana, bila kuombana radhi, kama ndugu.

Jumamosi kulinyesha manyunyu, lakini watu walijaa. Chini ya sitaha kulikuwa na giza na harufu ya lami. Clement alinivalisha duara ya shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Chuma kilikuwa baridi, na nikaogopa kweli, Mama, sikudanganyi. Niliogopa kana kwamba mtu ataufunga mnyororo kisha asirudi. Tukatolewa juu. Nahodha akasoma. Fundi akapiga pingu, zikaanguka, na watu wakainua mikono tayari kwa makofi, wakingojea magoti yetu.

Tulibaki tumesimama.

Nikaanza kwa Kinyambo. Nilikuwa nimepanga maneno machache, lakini yalipoanza yakajivuta yenyewe. Nikasema ninamtaja Nyakato, pacha wa Nyangoma. Nikamtaja baba yao na ukoo wao. Nikasema alichukuliwa njia ya Kafuro akiwa ametumwa kuni, na kwamba mama yake alimpikia chakula siku ile wakamngoja. Nikasema mwenzake aliishi mpaka akazeeka, na hakuacha kuulizwa Nyakato yuko wapi. Nilipomaliza, nikarudia yote kwa Kiingereza, kwa Kiingereza changu hiki cha kwenye makaa. Mwisho nikamgeukia nahodha nikamwambia, "Asante kwa kuvunja pingu. Nakushukuru nikiwa nimesimama."

Filimbi haikulia. Sikuwa nimepanga lolote na Clement, lakini yeye akapiga hatua moja mbele. Akasema, "Na mimi wa kwetu simjui hata mmoja. Waliovushwa kabla ya meli hii kuja hawakutajwa na mtu. Nimesimama kwa ajili yao." Kisha akarudi nyuma.

Hakuna aliyepiga makofi. Kulikuwa na mvua tu juu ya mbao. Mwanamume mmoja aliwachukua watoto wake akashuka ngazi kwa kishindo. Mimi nilidhani nimefukuzwa kazi hapo hapo. Halafu mwanamke mmoja, mwalimu aliyekuja na darasa lake, akanisogelea akaniomba nilitaje tena lile jina ili alitamke sawa. Alisema vibaya, nikamsahihisha, akarudia. Wanafunzi wake nao wakajaribu. Fikiria, Mama, watoto wa Kizungu wamepanga mstari kwenye mvua, kila mmoja akisema Nyakato, Nyakato, na mimi naitikia kwa kichwa.

Mambo hayakuishia hapo. Yule mwanamume aliyeondoka alipeleka malalamiko, na wazee wa bodi wakaniita mimi, Clement na Bwana Pearce. Mzee mmoja wa bodi alisema tumewatukana mabaharia waliokufa kwa homa wakiwafuata wauza watu. Aliongea kwa uchungu, na baadaye nikaambiwa babu yake alikuwa mmoja wao. Nikamwambia nawaheshimu marehemu hao, na kama yuko tayari kunipa jina la babu yake nitalitaja kila Jumamosi pamoja na la Nyakato. Nikamwambia, "Mtu akikutoa shimoni utamshukuru maisha yako yote. Lakini yeye mwenyewe hatataka umwoneshe magoti yako kila siku mbele ya wageni wake."

Bwana Pearce akainuka. Nilikuwa sijui atasema nini. Akasema onyesho alilitunga yeye, na kosa lilikuwa lake kuwaleta watu sitahani bila majina. Akasema kama bodi inataka magoti, watafute mtu mwingine wa kufundisha. Kisha akaketi.

Walituweka nje tungoje. Tulipoitwa tena, wakasema tuendelee mpaka mwisho wa msimu ujao, kisha wataamua upya. Yule mzee hakuniangalia. Lakini tulipokuwa tunatoka alinifuata ukumbini, akaniambia jina la babu yake, na akasubiri nilirudie.

Basi hivyo ndivyo ilivyo kazi yangu, Mama. Nimerudi kwenye mzinga, na onyesho la mnyororo linakwenda kwa namna yetu. Wamekuja wengine. Kuna Msomali mtia makaa na kijana wa Lagosi, kila mmoja ameleta jina la mtu aliyepotea kwao, na jioni za baridi hii tutawafundisha kusema, maana wanaona aibu kama nilivyoona mimi. Clement bado hana jina la kutaja. Anasema nafasi yake iachwe hivyo hivyo.

Sasa nijibu lile swali lako kubwa. Unataka nirudi mwaka huu, nioe, nikishike kibanja cha Baba kabla nyasi hazijakimaliza. Nakujibu kama mtoto anavyomjibu mama yake, bila kuzunguka: mwaka huu siji. Mwambie Byabato alime sehemu yangu na kuila kwa moyo mweupe, na migomba ya upande wa mtoni aipande upya kama anavyotaka. Msimu ujao ukiisha, bodi ikishaamua, nitapanda meli nije, hilo nimeliapa. Lakini nikiondoka sasa, Mama, mtu mwingine atavalishwa mnyororo ule, na atarudishwa magotini.

Nina ombi. Wageni wananiuliza Nyakato alikuwa mtu wa namna gani, na mimi sina la kuwaambia. Bibi alitusimulia alivyopotea tu, hakutusimulia alivyoishi. Wewe ulikaa naye miaka mingi kuliko sisi. Je, hakuwahi kukuambia kama Nyakato alikuwa mcheshi au mkimya? Kama alijua kuimba? Kama ni yeye au Bibi aliyekuwa mchokozi? Hata jambo moja dogo litanitosha. Kaa nalo, ukilikumbuka mwambie Byabato aandike siku hiyo hiyo, na aipeleke posta ya Bugene, asingoje mpaka aende huko kwa shughuli nyingine.

Nisalimie baba mdogo, na umwambie aache kuwaonesha watu ile picha bila kuwaeleza. Nisalimie shangazi wa Murongo akija na chumvi. Nisalimie mke wa Byabato ambaye sijamwona, na mtoto wao ambaye nasikia ana masikio yangu, pole yake. Nisalimie mwalimu wangu mzee wa misheni, umwambie Kiingereza alichonichapia kimepata kazi. Na yule jirani wa kisima, mama wa mapacha, mwambie nawaombea watoto wake kila Jumapili, wote wawili, kwa majina.

Ni mimi mwanao wa kwanza, ambaye hadi leo hupiga magoti mahali pawili tu, kanisani na mbele yako,

Anselmi Kamugisha